Mjomba Anataka Nikubali Kosa Lake Ndipo Anifundishe Michoro ya Umeme

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaamua kwamba mimi ni binti mwenye mdomo, maana hilo nimeshaambiwa na kila mtu wa nyumbani na limenichosha.

Naitwa Mwaija, nina miaka ishirini na mbili, kwetu ni upande wa Sindeni, Handeni, lakini sasa naishi Korogwe, Manundu, kwa mjomba wangu Mbaruku, ambaye ni kaka wa pekee wa mama yangu na ni fundi wa redio, televisheni, spika na kila kitu chenye waya, watu wanamjua mpaka Segera. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakunipeleka mbele, nikamwambia mama kwamba kitu ninachokipenda ni umeme, si ule wa nguzo bali huu wa ndani ya vyombo, kwa sababu tangu utotoni redio ya baba ikinyamaza mimi ndiye niliyekuwa naifungua na kuitazama, sauti siirudishi lakini kuitazama sichoki. Mama akamwomba mjomba anichukue, mjomba akakubali mbele ya bibi na mbele ya baba, akasema, "Mleteni, nitamfanya fundi," nami nikabeba begi langu nikaja.

Mshauri, ni zaidi ya mwaka sasa na bisibisi sijaishika. Nafagia kibanda, napokea wateja, nachemsha chai, napeleka spika zilizopona kwa wenyewe, nikirudi nakuta mjomba na Ramadhan wamefungua kitu mezani. Ramadhan ni mwanafunzi mwenzangu, alikuja baada yangu, na yeye anaelekezwa, anaambiwa hii ni rezista, hii ni kapasita, mstari huu kwenye mchoro ndio waya huu hapa, ila mimi nikisogea mjomba anageuza bega kama mtu anayeficha sahani. Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, na mimi nitaanza lini kusoma mchoro?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mchoro unataka akili iliyotulia. Wewe leo uko hapa, kesho umeolewa. Elimu yangu nikaimwage kwenye ukoo wa watu?" Ramadhan akacheka, mimi nikaenda kuchemsha chai na wote wawili wakainywa.

Sikukaa kulia. Nilizunguka maduka ya vitabu hapa mjini, wana vya shule na vya dini, cha michoro ya umeme hawana, muuzaji mmoja akanitolea cha kuchora ramani za nyumba akaniambia yote ni michoro. Nikaingia kwenye simu, video zipo nyingi lakini watu wanasema Kihindi au Kiingereza cha haraka, mikono inakwenda mbio na bando linakata kabla mtu hajamaliza kusalimia. Nikapata mchoro mmoja wa redio, nikaukuza kwenye kioo cha simu mpaka macho yakauma, nikakwama kwenye jambo ambalo pengine utalicheka, kwamba mistari miwili ikipishana nitajuaje kama nyaya zimeungana au zinapitana tu? Nilimuuliza mjomba. Akataka kujua nani kaniruhusu kushika simu saa za kazi.

Mama sikumwambia lolote kati ya haya. Akipiga simu namjibu naendelea vizuri, kwa sababu kule Sindeni ameshawatangazia watu kwamba binti yake ni fundi, na sikutaka kumvunjia furaha yake.

Sasa nikupe yaliyonifanya niandike. Kuna jirani yetu hapa Manundu tunamwita Mama Lea, kazi yake ni kutotolesha vifaranga na kuuza, ana mashine ya bati ambayo ndani ina balbu za kupasha mayai joto na feni ya kuzungusha hewa. Iliharibika akatuletea. Mjomba aliitengeneza kwa mkono wake, Ramadhan akimmulikia tochi. Nilipokuja kufuta meza nikaona plagi mpya waliyoifunga ni ya miguu miwili, na ule waya wa tatu, wa rangi ya kijani na njano, umekatwa ukakunjwa pembeni. Nikauliza, "Mjomba, huu waya mbona hauna pa kwenda?" Akasema, "Huo ni urembo wa kiwandani. Kafagie." Na kwa kweli huo waya huwa anaukata kwenye vitu vingi, pasi, majagi ya kuchemshia maji, hata friji, anasema unasumbua tu. Basi nikafagia, na mashine ikarudi kwa mwenyewe.

Haikumaliza wiki. Mama Lea alikuwa anaongeza maji kwenye kibakuli cha ndani, mkono umelowa, akagusa mlango wa bati, umeme ukamng'ang'ania, ulipozimwa akaangukia kizingiti. Amevunjika mkono na kiganja kimeungua. Mumewe, Baba Lea, aliwahi kuzima swichi kubwa, vinginevyo leo ningekuandikia habari za msiba.

Kesho yake asubuhi Baba Lea akaja kibandani, watu wamejaa, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Fundi, nani alifunga mashine ya mke wangu?" Mshauri, mjomba alininyooshea kidole. Akasema, "Huyu binti. Nilikuwa na kazi nyingi nikamwachia, nikidhani ameshaiva." Mimi hapo nimesimama na ufagio. Baba Lea akanitazama, akautazama ufagio, akaondoka. Ramadhan ambaye tochi ilikuwa mkononi mwake siku ile aliinamia redio kana kwamba imemwita.

Yaani siku ya kazi mimi ni mfagiaji, siku ya balaa mimi ni fundi. Hasira niliyonayo sijawahi kuwa nayo. Nachambua mchele sioni mawe.

Mchana wake mjomba akaniita nyuma ya kibanda, akaniita "mwanangu", jambo ambalo si kawaida yake. Akasema, "Wewe ni mwanafunzi, tena mtoto wa kike, ukiomba radhi wataona huruma na yataisha. Mimi nikisema ni mimi, nani ataniletea kitu tena? Sisi wote tunaokula hapa tutakula wapi? Jumapili twende kwa Mama Lea ukubali, na Jumatatu nakukalisha mezani, nakufundisha michoro yote mwanzo mpaka mwisho. Nakuapia."

Nikampigia mama. Nikamwambia mashine ile sikuigusa. Akasema, "Mwaka mzima uko hapo unajifunza kazi, useme hukuigusa, nani atakuamini? Yule ni kaka yangu, na bibi yako anakula kwa mkono wake. Neno moja tu linakushinda? Sema yaishe." Baba naye akasema mambo ya wajomba anamwachia mama.

Kinachoniumiza kuliko vyote, mshauri, ni kwamba ile ahadi ya Jumatatu naitamani. Najikuta nikijiuliza, ni neno tu, nikilisema si nitakipata nilichokifuata? Halafu namkumbuka Mama Lea na mkono wake, najichukia. Nikikataa nitafukuzwa, na mtu kama mimi, asiye na chuo wala mwalimu, kusoma michoro ya umeme atajifunzia wapi? Naomba unijibu upesi, Jumapili haiko mbali.

Mwaija, Manundu, Korogwe.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mwaija. Barua yako sikuiweka kwenye foleni. Nilikupigia siku ile ile iliponifikia, kwa sababu kuna mambo ambayo hayasubiri gazeti litoke. Lakini wasomaji hawakutusikia, na najua wako akina Mwaija wengine wenye ufagio mkononi kwenye vibanda vya mafundi. Kwa hiyo nayarudia hapa niliyokuambia, pamoja na yaliyofuata. Majina yote tumeyabadilisha.

Usikubali. Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza na sikulizungusha. Kosa si khanga ya kuazimana. Ukisema ulifunga plagi ile, unajitwika jina la mtu aliyekaribia kuua, na jina hilo litakutangulia kwenye kila kibanda cha fundi kuanzia Korogwe mpaka Handeni mjini. Na hiyo ahadi ya Jumatatu unaitamani nini? Mjomba alikwisha kuahidi mbele ya bibi yako na baba yako, bila masharti, akakupa ufagio. Leo anakuahidi kwa sharti la uongo, ndiyo uamini atatimiza?

Pole sana, binti yangu. Umedhulumiwa mara mbili, kwanza kunyimwa kazi, kisha kubebeshwa lawama za kazi uliyonyimwa. Una haki ya kukasirika na mimi nimekasirika pamoja nawe.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia kurasa nzima juu ya machungu yako, halafu katikati ukapitisha sentensi moja kwamba waya ule hukatwa kwenye pasi, kwenye majagi, kwenye friji, ukaendelea na safari yako kama mtu aliyetaja hali ya hewa. Vitu hivyo viko majumbani mwa watu. Asubuhi hii kuna mtu anapiga pasi sare ya mtoto kwa mojawapo. Ulimuuliza mjomba, vizuri, lakini mwenye mashine hukumwambia kitu. Ukiona hatari, mwambie atakayeishika.

Sikutaka kubahatisha, nikampigia Deogratius, mwalimu wa umeme ninayemfahamu kwa miaka mingi. Nilipofika kwenye waya wa kijani na njano alinikatiza. "Huo ndio unaopeleka umeme ardhini ukivuja kwenye bati," alisema. "Kwenye chombo cha bati, anayeukata anamfanya mtu awe waya." Nikamuuliza, na nyumba isiyofungwa waya wa ardhini? Akasema aitwe fundi umeme wa nyumba mwenye leseni aufunge, na mpaka hapo chombo kipumzike. Urembo wa kiwandani hakuuona.

Na wewe mjomba, jina lako tumelibadilisha lakini unajijua. Uliona aibu kusema "nilikosea" mbele ya wateja, hukuona aibu kumnyooshea kidole mtoto wa dada yako. Unasema mtoto wa kike ataolewa aondoke na elimu yako. Basi mbona kosa lako umetaka aondoke nalo?

Jumapili jioni ulinipigia, Mwaija, nami naandika kama ulivyonisimulia. Mama yako alipanda basi la kwanza kutoka kwenu, amekuja kuhakikisha unalisema lile neno. Mkaenda kwa Mama Lea watatu. Mlimkuta kwenye kiti, mkono mmoja una plasta, mwingine kiganja kimefungwa bandeji, binti yake anamnywesha uji. Mjomba akaanza, "Tumekuja kama wazazi. Mtoto ana neno lake."

Ukasema, "Shikamoo Mama Lea, pole sana. Mashine yako sikuigusa. Niliona waya umekatwa, nikamuuliza mjomba, ila wewe sikukuambia. Naomba radhi kwa hilo, na ni hilo tu."

Mjomba akasema umechanganyikiwa kwa hofu. Mama Lea hakumtazama. Alikutazama wewe, akakuambia, "Siku nyingine uniambie mimi. Mkono ni wangu." Nami nasema alikuwa na haki ya kukuambia hivyo. Kisha akamgeukia mama yako. "Mama Mwaija, mimi pale kwa fundi nimekwenda mara nyingi. Huyu binti nimemwona na ufagio, nimemwona na sinia la chai. Bisibisi sijawahi kuiona mkononi mwake."

Mama yako ndipo alipokuuliza, "Ulifundishwa lini?"

"Sijafundishwa, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ulinieleza kwamba mama aliutazama ule mkono wenye plasta. Kisha akamwambia kaka yake, bila kupandisha sauti, "Nilikuletea mtoto umfundishe kazi. Hukumfundisha kazi, ukataka kumfundisha uongo, na mimi nimepanda basi kuja kukusaidia." Mjomba alitazama mlangoni. Mama akasema, "Mimi ndiye niliyemleta, mimi ndiye ninayemchukua." Begi lako lilitolewa kwa mjomba jioni ile ile, tayari kwa safari ya kurudi Sindeni. Baba Lea amesema suala analipeleka kwa mtendaji wa mtaa, na mimi nasema afanye hivyo, kwa sababu watu wote waliotengenezewa vyombo pale wanapaswa kujua. Ramadhan hajasema neno. Akihojiwa na mtendaji atajua kama yeye ni fundi au ni kivuli cha fundi.

Uliniambia kwenye simu, "Mshauri, nimepoteza mwalimu." Mwalimu gani? Hukuwa naye. Ulichopoteza ni ufagio, na ufagio uko kila nyumba.

Sasa sikiliza ya kujifunza, ambayo nimeyatoa kwa Deogratius. Kwanza, ulipoingia maduka ya vitabu ukaviacha vya shule, ulikosea. Sura za umeme kwenye vitabu vya fizikia vya sekondari ndimo zilimo alama za mwanzo, swichi, betri, balbu, fyuzi, rezista, na wewe shule umepita, au fizikia uliisoma umesinzia? Azima kwa mwanafunzi yeyote hapo Sindeni. Zichore alama zile mpaka mkono uzizoee, ndipo uende kwenye dayodi na transista. Swali lako la mistari inayopishana halichekwi, Deogratius alisema ndilo swali la kwanza la mtu anayetazama kwa macho yake: penye kitone nyaya zimeungana, pasipo kitone zinapitana tu, na michoro mingine huonyesha kupitana kwa upinde mdogo kama daraja.

Usianze na mchoro wa redio nzima. Chukua tochi ya betri, ifungue, ichore: betri, swichi, balbu. Ukimaliza chora kengele au taa ya baiskeli. Redio iliyokufa ya baba yako iwe ya tatu, na uishike ikiwa imechomolewa na betri zimetolewa. Itazame kwa ndani ya mfuniko wa nyuma, redio nyingi za zamani zilibandikwa mchoro wake pale. Kama haupo, soma namba ya modeli, iandike kwenye simu pamoja na maneno ya Kiingereza "circuit diagram", yaani mchoro wa sakiti, mara nyingi utapata kitabu cha matengenezo cha kiwandani bure. Kachapishe ukurasa mmoja tu steshenari, maana mchoro kwenye kioo cha simu ni kumtafuta sisimizi gizani. Video tafuta za Kiswahili, zipo ingawa ni chache, chagua mwalimu mmoja ubaki naye, na utazame kalamu ikiwa mkononi. Mita ya kupimia itafute mapema, hata ya kuazima, ujifunze kupima betri kabla ya kitu kingine. Televisheni na chochote cha umeme wa ukutani usikifungue peke yako, kwa sababu kapasita kubwa huhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Halafu chuo. Vyuo vya ufundi stadi, vya serikali na vya mashirika ya dini, vina kozi ndefu na fupi za umeme. Nenda na mama yako, mkaulize wenyewe mlangoni, msisikilize mtu wa kijiweni. Muulizeni na fundi mwingine kama anapokea mwanafunzi, lakini safari hii masharti yasemwe siku ya kwanza, kwamba utashika vyombo na utasoma michoro, na wewe ukiona mwezi umepita unafagia tu, mwambie mama yako siku hiyo hiyo. Kumficha mzazi ili abaki na furaha kulikaribia kukuponza, maana alikuja kumtetea kaka yake akiwa hajui anatetea nini.

Mjomba akituma mtu kukuambia urudi, kwamba meza iko tayari, shikamoo yake mpelekee, ni mjomba wako na hilo halibadiliki. Kisha mwambie azunguke kwanza kwa wateja wake, arudishe ule waya kwenye kila pasi na kila jagi alipoukata. Akimaliza nyumba ya mwisho, ndipo aje tuzungumze habari ya kufundisha.